Mchagua Jembe si Mkulima? Mimi Nakataa!

Na Katibu wa Chama, Kidato cha Nne

Naomba niingie katika mada moja kwa moja, kwa maana mhariri ameshanionya kuwa nafasi ni haba. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza mbona ubao wa jina la Chama ulikosa kuonekana Siku ya Wazazi. Wengine mmenong'ona ati pesa za mchango zililiwa. Jamani, hazikuliwa! Leo nitawaeleza yaliyotokea, kisha nitatoa maoni yangu juu ya jambo ambalo limeleta mabishano makali katika karakana yetu: je, tuchague programu gani ya CAM kwa mashine yetu ya kuchonga?

Kwa wale ambao hawajawahi kuingia karakana, mashine yenyewe ni ile ndogo ya CNC iitwayo 3018. Jina hilo ni kipimo chake, yaani inachonga eneo la takriban sentimita 30 kwa 18. Ina mota tatu za kuisogeza biti kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, na mota nyingine ya kuizungusha. Mashine hii haijui kusoma picha. Inajua amri fupi fupi tu: nenda pale, shuka hivi, kwa kasi hii. Amri hizo ndizo huitwa msimbo wa G.

Kazi ya CAM ni kukaa kati ya mchoro wako na mashine. Wewe unachora herufi, nayo inapanga biti ipite wapi na ishuke kiasi gani. Mwisho kabisa, ndani ya CAM, kuna kipande kidogo kinachoitwa postiprosesa. Mimi nakiita mkalimani. Kama vile Kiswahili kina Kimvita, Kiamu na Kiunguja, msimbo wa G nao una lahaja zake. Mashine yetu inatumia Grbl, programu ndogo iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud wa Norwe mwaka wa 2009 ili mashine za bei nafuu ziweze kuendeshwa na kibao cha Arduino. Kwa kuwa kibao chenyewe kina kumbukumbu ndogo, Grbl haielewi kila neno ambalo mashine kubwa za viwandani zinaelewa.

Sasa sikieni kisa chetu. Chama kilinunua ubao mzuri wa mkangazi. Sisi wanakamati tukachora jina kwa upana wa inchi 10, tukatumia programu kubwa yenye sura ya kupendeza ambayo mwenzetu mmoja alikuwa nayo kwenye kipakatalishi cha kakaye. Mwalimu mlezi alipotuuliza kama tumehakikisha inafaa mashine yetu, mmoja wetu akajibu kwa mbwembwe, "Mwalimu, mchagua jembe si mkulima!" Tukacheka. Kumbe tulikuwa tunajicheka wenyewe!

Tulipotuma faili, mashine ilikataa na kuonyesha kosa nambari 20. Maana yake ni kwamba kuna amri isiyoielewa. Amri yenyewe ilikuwa M6, ile ya kubadilisha biti, ambayo Grbl haina. Badala ya kutafuta mkalimani wa Grbl, mimi, naam, mimi mwandishi wa makala haya, nilifungua faili nikafuta mistari mitatu ya kwanza. Kosa likatoweka. Tukapiga makofi.

Lakini katika mistari ile mlikuwa na G20, amri inayoiambia mashine kwamba vipimo vyote ni vya inchi. Grbl ikiwashwa bila kuambiwa lolote, huhesabu kwa milimita. Basi inchi 10 zikawa milimita 10! Biti ikajikokota kama konokono, na kwenye kona ya ubao likatokea jina la Chama lenye upana wa ukucha, limekwaruzwa tu kama kazi ya kuku. Kwa hofu tukairudisha G20 na kuanza upya bila kutazama mengine. Sasa inchi zikawa inchi za kweli. Biti ikashuka milimita mbili na nusu kwa mkupuo mmoja ndani ya mti mgumu, ikikimbia zaidi ya milimita 1,000 kwa dakika. Tukasikia "ta!" Biti ilivunjika vipande viwili, kimoja kikaruka hadi dirishani, na ubao ukabaki na donda. Hiyo ilikuwa jioni ya mkesha wa Siku ya Wazazi. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyepoteza jicho, maana hakuna aliyekuwa amevaa miwani ya kukinga macho.

Tangu siku hiyo kuna pande mbili. Upande wa kwanza unasema shida ni kwamba tulitumia programu kubwa bila leseni nzuri, kwa hivyo shule inunue iliyo kubwa zaidi. Upande wa pili unasema programu zote ni sawa, tatizo ni sisi. Mimi naziheshimu pande zote mbili, lakini sikubaliani na yoyote. Mkulima hodari huchagua jembe, tena hulichagua kwa udongo wa shamba lake, si kwa urembo wa mpini.

Kwa maoni yangu, tujiulize maswali matatu kabla ya kuchagua. Swali la kwanza: je, programu hii ina mkalimani wa Grbl? Kama haina, hata ikiwa nzuri vipi, haitufai. Swali la pili: je, itafanya kazi intaneti ikipotea? Nyote mnajua mtandao wetu huja na kwenda kama mgeni. Easel, kwa mfano, ni rahisi mno kwa anayeanza na inaielewa Grbl, lakini inatumika kupitia intaneti. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Swali la tatu: je, masharti yake yanaweza kubadilika tukiwa njiani? Fusion 360 ni programu hodari sana, na ina leseni ya bure ya matumizi binafsi. Hata hivyo, mwaka wa 2020 wenyewe waliipunguza leseni hiyo: mwendo wa haraka wa biti ukaondolewa, na kazi ya biti kadhaa haikuweza tena kutolewa katika faili moja. Hawakuvunja sheria yoyote, kwa maana mali ni yao. Lakini aliyeegemea ukuta wa jirani asishangae jirani akiubomoa. Nayo VCarve ya Uingereza inasifiwa sana kwa kuchonga maandishi, ila ni ya kununua. Unaweza kuijaribu bure, lakini katika majaribio hayo haikupi faili ya kuchonga kazi yako mwenyewe.

Kwa sababu hizo mimi napendekeza FreeCAD. Ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, hata kwenye tarakilishi ya Linux, ina mkalimani wa Grbl, na hakuna mtu anayeweza kutunyang'anya nakala tuliyo nayo. Toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Sitawadanganya: si rahisi. Menyu zake zilinitoa jasho wiki tatu nzima, na kuna siku nilitamani kuitupa tarakilishi nje. Wenzangu wanaosema kwamba viwandani watu hutumia programu kubwa wana haki pia. Anayetaka kuwa mhandisi na ajifunze hizo kwa wakati wake. Lakini mambo ya msingi ni yale yale, na aliyeyajua kwenye programu moja hatapotea kwenye nyingine.

Tena, kuchagua ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuitayarisha, na hapo ndipo wengi wetu hukimbia. Kwanza, tuhakikishe mashine inajua milimita moja ni nini. Mota yetu hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja, kila hatua hugawanywa mara 16, na parafujo husogea milimita 4 kwa mzunguko. Basi 200 mara 16, gawanya kwa 4, ni hatua 800 kwa milimita. Tuiamuru isogee milimita 100, kisha tupime kwa rula. Ikisogea 98, tunazidisha 800 kwa 100 na kugawanya kwa 98, tunapata kama 816. Tukiandika nambari hiyo mpya kwenye Grbl, vipimo vinakuwa sawa. Hii ni hesabu ya Kidato cha Kwanza!

Pili, kwenye CAM tuchague mkalimani wa Grbl na kipimo cha milimita, kisha tufungue faili na kuona kwa macho yetu kwamba kuna G21, ambayo ndiyo amri ya milimita. Tatu, tuandike upana halisi wa biti. Nyingi za mashine hii zina shina la milimita 3.175, lakini ncha huwa tofauti, kwa hivyo tupime, tusikisie.

Nne, kasi. Tuzidishe mizunguko kwa dakika, idadi ya meno ya biti, na unene wa kibanzi ambacho kila jino litang'oa. Mizunguko 10,000, meno 2, kibanzi cha milimita 0.03: jibu ni milimita 600 kwa dakika. Kwa mti mgumu tuanze chini ya hapo, tukishuka nusu milimita kwa kila mpito. Itachukua muda, lakini haraka haraka haina baraka.

Tano, kabla ya kugusa ubao, tuweke sifuri ya kimo sentimita mbili juu ya mti na kuiacha mashine ichonge hewa. Dakika hizo kumi za kutazama zingetuokolea ubao na biti. Zingetuokolea pia aibu.

Ombi langu kwa mwalimu mlezi na kamati ni hili. Mwaka huu tusinunue programu yoyote. Pesa zilizobaki zinunue biti, mbao za saipresi za kujifunzia, na miwani ya macho, kwanza miwani. Kisha tuandike nambari zote za mashine kwenye karatasi, kwa Kiswahili sanifu, na kuibandika ukutani. Sisi wa Kidato cha Nne tunaondoka. Tukiondoka na nambari hizo vichwani, wadogo zetu watavunja biti zile zile tulizovunja sisi.

Kabla sijatua kalamu, nakiri tena kwamba kosa la kufuta mistari lilikuwa langu, na naomba radhi kwa wote waliochanga. Ubao sasa uko mlangoni pa chumba cha Chama, umechongwa kwa FreeCAD, kwa mipito sita. Ukiutazama kwa mbele utaona jina zuri lililonyooka. Asiyeamini kisa hiki na autoe msumarini, augeuze. Donda bado liko kule nyuma, na lile jina dogo la upana wa ukucha vilevile.

Anayepinga na alete hoja zake toleo lijalo!