Piza Nyepesi kwa Chachu ya Usiku

Piza zetu za kwanza ziliharibiwa na woga wa maji. Donge liliponata mikononi tulilizidishia unga, na watoto wakaacha kingo zote sahanini, ngumu kama kigae.

Siku hizi, baada ya Isha, twachanganya unga wa ngano gramu 200, maji gramu 200, na hamira ya kushikwa kwa ncha za vidole viwili tu. Waokaji wa Italia na Ufaransa huiita chachu hii poolish. Alfajiri hujaa mapovu na kunukia vizuri; lakini katika joto la pwani huumuka upesi mno, basi yatumiwe maji baridi.

Kisha twaongeza unga gramu 300, maji 150 na chumvi 10. Yaani maji 70 kwa unga 100, na mvuke wake ndio uinuao piza motoni. Msilikande kwa nguvu. Loweni mikono, mlikunje donge kila nusu saa, mara tatu. Huanza kama uji mzito, likaishia kuvutika bila kukatika. Liacheni liumuke maradufu, na tanuri iwe imekwisha kupata moto mkali. Unga wa kunyunyiza, mezani tu!