Maktaba Iwe Baraza la Watu Wote

Watu wengi wakisikia neno maktaba hufikiri nyumba ya kimya iliyojaa vitabu, ambamo mtu mwenye elimu ameketi peke yake akisoma. Fikira hii ni ya kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Neno lenyewe limetoka katika lugha ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa maneno kitabu na katibu. Asili ya yote matatu ni kuandika. Basi mtu huandika ili maneno yake yawafikie wengine, na kitabu kisichomfikia mtu ni kama mbegu iliyokaa ghalani mpaka ikaliwa na fukusi. Kwa hiyo maktaba iliyo njema hutunza vitabu, na tena hukusanya watu. Huwaita watoto waje kusikiliza hadithi, huwaita wakulima waje kusikia habari za mashamba, huwaita wasiojua kusoma waje kujifunza, wala haiwatozi kitu. Kazi hii ya kuwakusanya watu bure yastahili kutiwa nguvu katika nchi ya Buha, hasa Kasulu na Kibondo.

Kasulu na Kibondo ni nchi ya milima na mabonde, mashariki ya Ziwa Tanganyika. Watu wake wengi ni wakulima. Hulima mahindi, maharagwe, mihogo na migomba, na wengine hufuga nyuki. Mji wa Kigoma una maktaba ya mkoa, lakini kutoka Kasulu hata Kigoma ni mwendo wa kilometa 100 hivi, na kutoka Kibondo ni zaidi ya kilometa 200. Mama mwenye mtoto mgongoni na shamba la kupalilia hawezi kusafiri hivyo kwa ajili ya kusikiliza kitabu kikisomwa. Hapana budi kitabu kimfuate yeye mahali alipo.

Pengine mtu atasema kwamba shule zimeenea sasa, na watoto wengi wanajua kusoma, basi hakuna haja ya mikutano ya namna hii. Lakini kusoma ni kama njia ya porini. Isipopitwa huota majani. Mtoto amalizaye darasa la saba, akarudi nyumbani kulima, asipate kitabu wala gazeti mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu, ataona herufi zinamkimbia. Ndipo atakaposhindwa kusoma maneno yaliyoandikwa juu ya chupa ya dawa, naye atampa mtoto wake dawa kwa kukisia. Ndipo atakapotia kidole katika karatasi ya chama cha ushirika asijue imeandikwa kilo ngapi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu nayo hupotea hivyo hivyo, na mwenyewe huenda asitambue mpaka siku ya shida.

Nchi ya Tanzania imekwisha kuliona jambo hili kwa macho yake. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100, wapata 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Julius Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wakaanza kujifunza chini ya miti, katika madarasa ya watoto, na penginepo popote palipokuwa na kivuli. Hata kufika mwaka 1986, kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma walikuwa 10 hivi katika kila 100. Ili watu hao wasisahau waliyojifunza, zilianzishwa maktaba za vijiji katika mikoa mingi.

Katika miaka hiyo lilitokea jambo linaloonyesha nguvu ya kusoma pamoja. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapata 2,000,000 walikutana katika vikundi vijijini, wakasikiliza maneno ya redio, kisha kiongozi wa kikundi akawasomea kitabu kidogo, nao wakashauriana. Hawakuishia katika kushauriana. Walirudi nyumbani wakachimba vyoo, wakasafisha visima, wakafyeka majani kando ya nyumba. Wengi wao hawakuwa wasomaji hodari, hata hivyo kitabu kilifanya kazi kwao, kwa sababu kilisomwa mbele ya watu wote na watu wote wakapewa nafasi ya kusema.

Lakini maktaba nyingi za vijiji hazikudumu. Fedha zilipungua, vitabu vipya havikuletwa, na vile vya zamani vikachakaa. Yafaa kutambua kwamba kabati la vitabu lina adui wengine pia kuliko umaskini. Likifungwa kwa kufuli, na ufunguo ukakaa kwa mtu mmoja, na watu wasipoitwa kulikaribia, mchwa ndio watakaokuwa wasomaji wake. Mahali ambapo watu hukutana kila juma, kitabu kikipotea hutafutwa, kikichanika hushonwa, na ukurasa ukipungua mtu huuliza. Vitabu hulindwa na watu wanaovihitaji kuliko kufuli.

Desturi ya kufungua maktaba kwa watu wote bila malipo si ngeni duniani. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1850 iliipa miji ruhusa ya kutoza kodi kidogo kwa ajili ya maktaba, na mwaka 1852 mji wa Manchester ukafungua maktaba ambayo mfanyakazi wa kiwandani aliweza kuingia bila kulipa. Shirika la UNESCO, katika tangazo lake la mwaka 1994, lilishauri kwamba huduma ya maktaba ya umma, kwa asili yake, iwe ya bure. Tanganyika nayo ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam.

Majirani nao wana mifano ya kuigwa. Katika nchi kavu ya Garissa, Kenya, mwaka 1996 idara ya maktaba ya taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia watatu kwa watu wanaohama na mifugo yao. Ngamia wakifika, hema hupigwa, mikeka hutandikwa, na watoto huketi wakasoma. Huko Kitengesa, karibu na mji wa Masaka, Uganda, maktaba ilianza mwaka 1999 kwa sanduku moja tu la vitabu; baadaye ikajengewa nyumba. Wanafunzi wa shule wamefanya kazi katika maktaba hiyo na kusaidiwa karo zao, na wanawake wa kijiji wamekusanyika humo kujifunza kusoma. Kama jangwa halikuwazuia wa Garissa, wala uchache wa vitabu haukuwazuia wa Kitengesa, matope ya Kasulu wakati wa masika yasiwe udhuru kwa watu wa Buha.

Hata hivyo wako wanaopinga, na maneno yao yafaa kusikilizwa kwa haki.

Wa kwanza husema: kitu cha bure hakithaminiwi, watu walipe kidogo, ndipo watakapokitunza. Neno hili lina akili ndani yake, maana ni kweli kwamba watu wengine hudharau wasichokitolea jasho. Lakini na atazame chemchemi ya kijiji. Hakuna auzaye maji yake, wala hakuna aidharauye. Watu wameweka sharti: mifugo isinyweshwe hapo, nguo zisifuliwe hapo, na avunjaye sharti hili hulaumiwa na wote. Kinachoilinda chemchemi ni sharti la watu, wala si bei. Tena, ukiweka bei mlangoni pa maktaba, mwenye fedha ataingia, na yule ambaye maktaba ingemfaa zaidi atabaki nje. Wala kitu cha bure si kitu kisicho na gharama. Mkulima amekwisha kuchangia kwa kodi yake alipouza mazao na aliponunua sukari na sabuni.

Wa pili husema: watu wengi wakiingia watafanya kelele, na mikono yenye udongo itachafua vitabu. Huyu naye hakukosea kabisa. Lakini dawa yake ni utaratibu. Iwekwe saa ya kusoma kimya na saa ya mkutano, na saa hizo zisichanganywe. Liwekwe beseni la maji na sabuni mlangoni. Tena katika kusoma kwa sauti, kitabu hushikwa na mtu mmoja, na watu 50 husikiliza. Hakuna njia ya kutumia kitabu iliyo na uharibifu mdogo kuliko hiyo.

Wa tatu husema: asiyejua kusoma ana kazi gani katika maktaba? Huyu ndiye aliyekosea kuliko wote. Zamani za ukoloni wanaume wengi wa Buha walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alihesabiwa kwa namba yake. Barua ikitoka huko mbali, ilikuwa ya jamaa nzima, hata kama msomaji wake ni mmoja. Mama asiyejua herufi alisikia habari za mwanawe kwa kinywa cha mwingine, naye hakuambiwa kwamba barua haimhusu. Vivyo hivyo kitabu kinaweza kumhusu mtu ambaye bado hajui kukisoma.

Tena asiyejua kusoma haji mikono mitupu. Wazee wa Buha wana hadithi, vitendawili, na habari za watawala wa kale, ambazo nyingi hazijaandikwa mahali popote. Mzee akialikwa siku moja katika mwezi kusimulia kwa Kiha, na wanafunzi wakaandika maneno yake kwa hati safi, maktaba itapata kitabu kisichouzwa katika duka lolote. Hata mgeni kutoka Burundi ataweza kusikiliza, maana Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana.

Basi kazi hii yaweza kuanza vipi? Haihitaji jengo kubwa. Shule yenye kabati la vitabu, chumba kimoja, na mwalimu mwenye moyo yaweza kuianza. Na ichaguliwe siku moja ya juma isiyo siku ya gulio, baada ya kazi za shamba. Saa ya kwanza iwe ya watoto wadogo, nao wasomewe hadithi. Saa ya pili iwe ya watu wazima wanaojifunza kusoma na wale wanaoogopa kusahau. Mara moja kwa mwezi aalikwe mtu mwenye ujuzi. Bwana shamba aweza kueleza ugonjwa wa batobato, jinsi unavyoenezwa na inzi weupe na kwa kupanda pingili zilizotoka katika mihogo yenye ugonjwa. Kisha kitabu kidogo cha jambo hilo kisomwe polepole, na wakulima waulize. Siku nyingine mganga wa zahanati aweza kueleza malaria, na siku nyingine mfugaji wa nyuki aweza kuonyesha mzinga. Mwisho wa mkutano, mwenye barua au karatasi asiyoielewa asaidiwe kuisoma, na siri yake itunzwe.

Katika kazi hizi zote wanafunzi wa madarasa ya juu wana sehemu yao. Mtoto wa darasa la sita aweza kuwasomea wadogo, naye kwa kufanya hivyo atajua kusoma vizuri kuliko kwa kusoma peke yake. Aweza kufuta vumbi, kushona vitabu vilivyochanika, kuandika katika daftari jina la aliyeazima na tarehe ya kurudisha. Aweza kumwongoza bibi yake kwa mkono mpaka mlangoni, ikiwa bibi anaona haya kuingia. Maana wazee wengi hawakatai elimu. Huona haya tu, wakifikiri kwamba nyumba ya vitabu ni ya watoto na ya wakubwa wa serikali.

Haya hiyo haiondolewi kwa tangazo lililobandikwa ukutani, kwa kuwa asiyejua kusoma hatalisoma. Huondolewa na mtu amwambiaye jirani yake kwa kinywa chake kwamba mlango uko wazi, na kwamba hakuna malipo. Kazi hiyo ya kualika haina gharama, na mwanafunzi yeyote wa Kasulu au Kibondo aweza kuianza leo jioni, akiwa njiani kurudi nyumbani.