Mshahara mnono, wanunuzi wangapi?

Mfanyabiashara anayeuza kiwanja ili amsomeshe mtoto huuliza kwanza mshahara, kama anavyouliza bei ya korosho. Aulize pia idadi ya wanunuzi.

Tuanze na gesi. Ilipogunduliwa kwa wingi katika kina cha bahari kusini mwa Tanzania kuanzia 2010, vijana walikimbilia shahada za mafuta na gesi. Hadi mwisho wa 2024, kiwanda cha kusindika gesi kilichopangwa Lindi kilikuwa hakijaanza kujengwa. Ada haikungoja.

Dhahabu inalipa, tena vizuri. Lakini Machi 2017 serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje, na Septemba mgodi wa Bulyanhulu ukatangaza kupunguza shughuli na wafanyakazi. Likitokea la namna hiyo, fundi umeme atabisha hodi kiwanda cha saruji au cha bia. Mtaalamu wa miamba atabisha wapi?

Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, wajenzi wa mifumo ya malipo wanatakiwa na kampuni za simu na benki pia. Hapo pana ukuaji na ushindani wa wanunuzi. Mhasibu mwenye CPA (nami nimesoma biashara, msomaji anipunguzie hapo) huenda akaanza chini ya mwenzake wa mgodini, ila mgodi, benki na kampuni ya simu zote zinamhitaji, na sheria inazitaka kampuni zikaguliwe hesabu.

Mwenye ada ya mtoto mmoja tu, ningemshauri aiweke kwenye mifumo ya malipo au uhasibu kabla ya gesi.