Profesa Okoth-Ogendo na miaka 5 ya Mdigo

Hapa Kona ya Musa neno "skwota" halihitaji kuelezwa. Asiyejulikana sana ni profesa aliyetumia umri wake kuonyesha kwamba uskwota ulitengenezwa na sheria: H.W.O. Okoth-Ogendo wa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kitabu chake cha 1991, Tenants of the Crown, kinaeleza jinsi sheria za kikoloni, ile ya 1915 hasa, zilivyomgeuza Mwafrika mpangaji wa mfalme wa Uingereza kwenye ardhi ya babu zake. Pwani tulitangulia kuonja. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye dai alipeleke kwa msajili kabla muda haujaisha. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Mwenye shamba lake binafsi aliandikisha. Mdigo ambaye ardhi ni ya ukoo mzima, aandikishe kwa jina la nani?

Profesa hakubaki darasani. Alikuwa kamishna katika tume ya Yash Pal Ghai iliyozunguka nchi kukusanya maoni ya katiba. Alifariki Aprili 2009, Katiba ya 2010 hakuiona. Lakini alichokipigania kimo: Kifungu cha 63 kinaitambua ardhi ya jamii, na cha 67 kinaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria.

Kisha Bunge likafanya lile lile la 1908. Marekebisho ya 2016 yaliwapa waliodhulumiwa miaka 5 tu kuwasilisha madai, muda ukaisha Septemba 2021. Mzee wa Msambweni asiye na wakili wala ramani alitakiwa athibitishe dhuluma ya karne nzima kwa miaka 5, na zaidi ya mmoja katika hiyo ulimezwa na korona! Aliyeandika kipengele hicho ama hakumsoma profesa, ama alimsoma vizuri mno.

Kisha kuna kifungu cha 63. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii ijisajili kwanza. Isipojisajili, ardhi yake inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba yake. Kwa hivyo kabla ya kuilaumu Nairobi, tuwaulize waheshimiwa wetu wa Kwale: ni jamii ngapi mmezisaidia kujisajili, na ardhi mnayotushikia iko wapi?