Kaa Naye Kwanza

Mama amechukua mimba miezi 9. Amekwisha kutayarisha nguo ndogo na kitambaa cha kumbebea mtoto. Kisha anarudi nyumbani mikono mitupu. Je, wewe unayemlaki mlangoni, utamwambia nini?

Wengi wetu tunasema, «Nyamaza mama, utazaa mwingine.» Tunasema kwa upendo, lakini tunamwumiza. Yeye hamlilii mtoto atakayekuja, anamlilia huyu aliyekwenda. Tena wako wanaoanza kuuliza ni nani aliyemloga, au ni dhambi gani iliyofichwa. Maneno hayo yanaongeza mzigo juu ya mzigo.

Watu wa Bukavu wanajua habari za munganga Denis Mukwege. Baba yake alikuwa mchungaji katika mji huu. Siku moja, Denis akiwa bado mtoto, walikwenda pamoja kuombea mtoto mgonjwa. Denis akamwuliza baba yake kwa nini hampi dawa. Baba akajibu kwamba hiyo ni kazi ya waganga. Ndipo kijana akataka kuwa munganga, na mwaka 1999 hospitali ya Panzi ikaanza chini ya kanisa la CEPAC, kwanza kwa ajili ya kusaidia mama wazazi.

Habari hiyo inatufundisha kwamba kazi ni mbili. Tumejifunza kumwita munganga upesi, na ni vizuri. Lakini dawa ikishindwa, munganga anaitwa kitandani pengine. Ni nani atakayebaki na mama huyu? Nasema kwamba hapo ndipo kazi ya mchungaji wa hospitali inapoanza, nayo si kazi ndogo.

Na afanye nini? Kwanza aketi. Rafiki za Ayubu waliketi naye siku 7 bila kusema neno. Walikosa walipoanza kueleza. Mchungaji amwulize mama kama anataka kumwona mtoto na kumshika. Asimlazimishe, wala asimkataze. Aulize jina la mtoto, na kulitaja katika maombi. Katika nyumba nyingi mtoto wa namna hii anazikwa upesi, na mama hajui hata kaburi liko wapi. Desturi hiyo haimponyeshi mama.

Baba naye asisahauliwe. Anakimbia kutafuta franga, sanduku na gari, na watu wanamwambia awe mwanaume. Naye amefiwa.

Wengine watasema, «Daudi alinyamaza mtoto wake alipokufa, akaoga, akala.» Ni kweli. Lakini usifunge kitabu hapo. Soma mbele kidogo: Daudi alikwenda kumfariji Bath-sheba, mke wake. Basi hata nyumba ile ilihitaji faraja.

Mchungaji na mwuguzi wasaidiane. Siku ya 2 au ya 3 maziwa yanaweza kuingia kifuani, hata kama mtoto hayupo. Mama asiyeonywa anashtuka na kulia upya. Aambiwe mapema. Avae sidiria inayomshika vizuri, aweke kitambaa cha maji baridi, akamue kidogo tu akiumwa sana. Akiwa na homa, au ziwa likiwa jekundu na la moto, arudi hospitalini.

Wazazi waambiwe pia ukweli. Mara nyingine sababu ni damu kupanda, malaria, kaswende, au uchungu uliokawia. Mara nyingine sababu haionekani. Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu kwamba mwaka 2022 watoto milioni 2.3 hivi walikufa duniani kabla ya kutimiza mwezi mmoja, na kila mwaka karibu milioni 2 wanazaliwa wamekwisha kufa. Mama, si wewe peke yako. Mimba nyingine ikija, nenda upimwe mapema.

Ninyi wa kanisa, msiache kazi hii kwa mchungaji mmoja. Yeye anaishia mlangoni mwa hospitali. Ninyi ndio majirani. Pelekeni chakula, choteni maji, na baada ya mwezi mmoja mrudi tena, wakati wengine wamekwisha kusahau. Mkiona mama hali, halali, au anasema hataki kuishi tena, mpelekeni kwa munganga bila kukawia.

Nanyi mkikosa neno la kumwambia, msiogope. Ketini naye, na mwulizeni mtoto aliitwa nani.