Chapa ya kiazi haikuumbiwa faili ya mwalimu

Mwaka 1992, nikiwa darasa la sita katika shule moja ya msingi karibu na Kitale, tuliagizwa kila mmoja aje na kiazi na wembe. Tulivikata viazi vipande viwili, tukachonga jogoo, nyota au jani la mhindi, tukapaka rangi na kuanza kuchapa. Kiazi changu kilitoa chapa ishirini kabla ya kulegea. Mwalimu alichukua moja kwa kila mtoto, akatia alama, na mwisho wa muhula rundo zima likatiwa moto nyuma ya jikoni. Iliyosalia ni ile niliyomtumia nyanya yangu Bungoma, ambaye kwetu humwita kukhu, ikiwa imekunjwa ndani ya barua. Aliibandika ukutani kwa uji wa unga, nami nikaikuta pale hata nilipokuwa chuo kikuu.

Kiswahili humchapa mtoto, huchapa kazi na huchapa kitabu kwa kitenzi kimoja, jambo ambalo limenichekesha kwa miaka mingi darasani. Lakini chapa ina sifa moja inayoikaribisha sana na neno. Mchonga kinyago akikitoa, amebaki mikono mitupu. Mchapaji akitoa nakala, kibao bado anacho, kama vile msemaji asivyopungukiwa na neno kwa kulitamka. Kanga za mwanzo za pwani yetu, katika karne ya 19, zilichapwa kwa vibao vya mti vilivyochongwa kwa mkono. Zilichapwa ili zienee.

La kusikitisha ni kwamba shule zetu zimeigeuza sanaa hii kuwa ushahidi wa kupewa alama. Chini ya mfumo wa 8-4-4, sanaa na ufundi zilitahiniwa katika KCPE hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zilipoondolewa, vipindi vyake aghalabu vilimezwa na hisabati. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umelirejesha somo hili kwa heshima zake. Hata hivyo, mathalani mtoto akiagizwa kuleta picha, mzazi hukimbilia saiba, akalipia ua la rangi lililotolewa na mashine, na ua hilo likapata alama kuliko jogoo wa kiazi aliyepinda shingo. Mtoto hujifunza nini hapo, ila kwamba mkono wake hautoshi?

Nitaambiwa hakuna vifaa. Kiazi kipo. Bua la mgomba lililokatwa kwa upana huacha mistari ya ajabu kwenye karatasi, na bamia huacha nyota. Slipa kuukuu ikichongwa hudumu kuliko kiazi. Masizi yaliyokorogwa katika uji mwepesi ni wino tosha. Karatasi, nakiri, ni taabu zaidi tangu mitambo ya Pan Paper ya Webuye iliposimama mwaka 2009, na uhai wake wa baadaye haujaturudishia enzi zile. Lakini kila shule ina marundo ya mitihani ya zamani yenye mgongo mweupe.

Namfahamu pia mwalimu mwenye wanafunzi sabini na fomu za kujaza. Naye achukue chapa moja kwa ajili ya faili. Ninazozitetea ni zile kumi na tisa.

Ziende wapi? Baina ya Kitale na Bungoma, kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye, ni safari ya saa chache tu, na makondakta wetu hubeba bahasha kila siku. Darasa moja la Kitale lichape mahindi, la Bungoma lichape miwa, kisha wabadilishane, kila chapa ikiwa na sentensi moja ya Kiswahili kwa mtoto asiyejulikana. Walimu wenzangu wa lugha, hapa ndipo penye faida yetu. Atakayechonga jina lake kwenye kiazi atagundua kwamba herufi hutoka kinyume, naye hatalitazama tena jina lile kwa uzembe. Na sentensi inayongojewa na msomaji wa kweli huandikwa kwa uangalifu ambao insha ya kutiwa alama haiupati. Chache zikibanwa kwenye ukuta wa Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyiko ulioanzishwa na Stoneham mwaka 1926, hazitawaaibisha vipepeo wake.

Jogoo wa kukhu alikuwa na mguu mmoja, kwani wa pili ulikatika wembe ulipoteleza. Wageni walipouliza, aliwaambia ameukunja kwa sababu ya baridi ya Kitale.