Mgeni wa Mikinduri Ale Wapi?

Baadhi ya wenyeji wa Mikinduri, wakitembelewa na rafiki kutoka Mombasa, humpandisha matatu hadi Meru mjini akale chipsi, kana kwamba mukimo ni chakula cha kufichwa. Huko ni kujidharau. Mgeni na apelekwe hoteli ya sokoni (hoteli kwa Kiswahili cha Kenya ni pa kula, si lazima pa kulala, wasanifishaji wapende wasipende), kule wanakokula wapakiaji mizigo na wauza ndizi. Apakuliwe mukimo uliopondwa kwa ndizi mbichi, mahindi, maharagwe na majani ya malenge, ukiwa moto, pamoja na mchuzi wa nyama. Chipsi atazikuta kwao Mombasa. Ila awahi: sufuria ikiisha, haipikwi nyingine.